Tumbili wa shambani na pomboo wa baharini: yupi amemzidi mwenzake akili?

Mzee mmoja wa Mikindani, mkoani Mtwara, aliyevua samaki kwa zaidi ya miaka thelathini na ambaye sasa anatunza shamba lake la mikorosho na mahindi, ameuliza hivi: “Mjukuu wangu wa kidato cha pili ananiambia kwamba pomboo ndiye mnyama mwenye akili nyingi kuliko wote baada ya mtu. Mimi namwambia ni tumbili, maana anajua hata siku ambayo dunguni hakuna mlinzi. Kama pomboo ana akili kiasi hicho, mbona nimewatoa wengi kwenye jarife wakiwa wamekwisha kufa? Na je, ni kweli kwamba hawa wawili ni jamaa kwa kuwa wote hunyonyesha?”

Shikamoo, mzee wangu. Ndani ya swali lako nimeona maswali matatu, la udugu, la akili na la jarife, yaani ule wavu wa kutega baharini, nami nitayajibu yote. Nitakaa zaidi kwenye la akili, kwa sababu ndilo linalokugombanisha na mjukuu, na kwa sababu lile la jarife, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, halieleweki vizuri mpaka tujue akili ya pomboo ni ya namna gani.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani, kwa kuwa katika mikoa yetu ya kusini majina tumbili, ngedere na kima huchanganywa sana. Ninayemsema hapa ni yule mwenye uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe, manyoya ya kijivu yanayoelekea rangi ya majani makavu, na ambaye dume lake lina korodani za buluu. Wanasayansi humwita Chlorocebus pygerythrus. Si kima, ambaye hupenda kukaa juu ya miti ya msitu mzito, wala si nyani, ambaye ni mkubwa zaidi na ana pua ndefu kama ya mbwa. Dume la tumbili huwa na uzito wa kilo nne hadi sita hivi, na jike hupungua kidogo. Baharini nako, pwani yetu ina pomboo wa aina kadhaa: wako wembamba wanaoruka na kujizungusha hewani, ambao hukaa zaidi kwenye maji ya kina kirefu; yuko mwenye nundu mgongoni, mwoga, apendaye maji ya chini karibu na midomo ya mito; na yuko yule wa kijivu mwenye mdomo mnene mfano wa shingo ya chupa, aonekanaye karibu na miamba na mara nyingine hufuata mashua. Huyu wa mwisho, ambaye jina lake la kisayansi ni Tursiops aduncus, hufikia urefu wa mita mbili na nusu na uzito wa kilo 200 au zaidi kidogo, na ndiye nitakayemlinganisha na tumbili. Nguva simtii katika hesabu hii ingawa naye hunyonyesha baharini, kwa kuwa yeye hula nyasi za bahari na jamaa yake wa nchi kavu ni tembo.

Sasa udugu. Ni kweli kwamba tumbili na pomboo wote huzaa, hunyonyesha, huvuta hewa kwa mapafu na wana damu ya moto, kwa hiyo pomboo si samaki hata kidogo. Wewe uliyezeekea baharini unaweza kumthibitishia mjukuu jambo hilo kwa macho matupu: mkia wa papa, wa jodari au wa nguru umesimama wima na hupigwa kushoto na kulia, lakini mkia wa pomboo umelala bapa na hupigwa juu na chini, kama unavyokunjika na kukunjuka mgongo wa mbwa anayekimbia. Ukipasua pezi lake la kifuani utakuta mifupa ya mkono na ya vidole. Hayo ni mabaki ya mnyama aliyewahi kutembea kwa miguu minne.

Lakini kunyonyesha peke yake hakuwafanyi wanyama wawili kuwa jamaa wa karibu, maana popo na panya buku nao hunyonyesha. Tumbili ni jamaa yetu sisi. Mwaka 2013 watafiti walitangaza mabaki ya wanyama wawili yaliyofukuliwa katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Mmoja alikuwa wa ukoo wa tumbili na nyani, na wa pili alikuwa wa ukoo wa sokwe na binadamu, jambo lililoonyesha kwamba kufikia wakati huo koo hizo mbili zilikuwa zimekwisha kuachana. Pomboo yuko mbali na sisi na mbali na tumbili vilevile. Jamaa yake wa karibu kabisa kati ya wanyama wa nchi kavu ni kiboko, yuleyule anayekoroma usiku katika Mto Ruvuma, na mababu zake waliingia majini hatua kwa hatua kuanzia miaka milioni 50 hivi iliyopita, katika nchi zinazoitwa leo Pakistan na India. Anayetaka kumpata babu mmoja wa pomboo na tumbili atalazimika kurudi nyuma zaidi ya hapo, katika zama ambazo wataalamu wengi wanakadiria kwamba dinosaria wa mwisho walikuwa bado hai. Kwa kuwa mjukuu wako ni mtoto wa kusini, huenda amesikia habari za Tendaguru, kule Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin. Mifupa hiyo ina miaka milioni 150 hivi. Pamoja nayo vilipatikana vipande vya taya na meno ya wanyonyeshaji wadogo mno, na wakati huo hapakuwa na tumbili, pomboo wala kiboko.

Nimelirefusha jambo hili la ukoo kwa makusudi. Ikiwa tumbili na pomboo wametengana kwa muda mrefu kiasi hicho, basi popote tutakapoona akili zao zinafanana, mfanano huo haukurithiwa kwa babu mmoja. Kila mmoja ameufikia kwa njia yake, na hilo ndilo lililonivuta mimi kuwasoma wanyama hawa.

Akili haipimwi kwa mizani moja kama korosho ghalani. Watu wengi hukimbilia kupima ubongo, na kwa kipimo hicho mjukuu atashinda upesi: ubongo wa tumbili una gramu 60 hivi, na ule wa jamaa mkubwa wa pomboo wetu, yule wa bahari pana aitwaye Tursiops truncatus, una kilo moja na nusu au zaidi, yaani unauzidi hata wa kwetu. Lakini tembo ana ubongo mkubwa kuliko wote hao, na mwili mkubwa hudai ubongo mkubwa ili uendeshwe tu. Hata ukilinganisha ubongo wa mnyama na ule unaotarajiwa kwa mwili wa ukubwa wake, pomboo hubaki juu, akiwa wa pili kwa binadamu au karibu na hapo, na tumbili hufuata kwa mbali. Mimi napendelea kuuliza swali jingine: mnyama huyu amejua nini, na amekijuaje?

Tuanze na tumbili, kwa kuwa ndiye unayemtetea na una sababu. Kuna utafiti mmoja maarufu uliofanyika Amboseli, nchini Kenya, ambao Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliutangaza mwaka 1980. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba tumbili wana milio tofauti ya kutahadharishana: mmoja kwa chui, mwingine kwa tai, na mwingine kwa nyoka kama chatu. Watafiti hao waliirekodi milio ile, wakaficha kipaza sauti vichakani na kuipiga wakati ambapo hapakuwa na adui yeyote. Waliposikia mlio wa chui, tumbili walikwea miti. Waliposikia wa tai, walitazama juu au kukimbilia vichakani. Waliposikia wa nyoka, walisimama kwa miguu ya nyuma na kuchunguza majani chini. Maana yake mlio wenyewe ulibeba habari, na hawakuhitaji kumwona chui ili wajue la kufanya. Watoto wa tumbili huanza kwa kukosea, wakamlilia tai kila wamwonapo njiwa, na hata jani linalodondoka huweza kuwatia hofu. Wakikua hupunguza makosa. Tena tumbili hawasikilizi wenzao tu: husikiliza pia mlio wa hofu wa kwenzi, na hupambanua mlio wa ndege huyo unaomhusu adui wa angani na ule wa adui wa ardhini.

Jaribio jingine la watafiti haohao hunigusa zaidi. Walipiga sauti iliyorekodiwa ya mtoto mmoja wa tumbili akilia, huku mama yake akiwa amekaa pamoja na majike wengine. Mama aligeuka kutazama kipaza sauti kilipo, na hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba majike wengine walimtazama mama. Walijua mtoto yule ni wa nani. Tumbili huishi katika kundi la watu kumi hadi arobaini hivi, nisamehe kwa kuwaita watu, ambamo majike hubaki maisha yao yote na binti hurithi daraja la mama yake, na madume huhamia makundi mengine wakikomaa. Anayeishi hivyo hana budi kujua nani ni mtoto wa nani, nani amegombana na nani, na nani akiguswa ukoo mzima utainuka.

Umeona sasa jinsi habari ya dungu inavyoingia hapa. Mnyama aliyezaliwa katika kazi ya kutazama nyuso, mienendo na pande ambazo wengine wanaelekea, hana shida ya kujifunza kwamba mlinzi huja asubuhi, huondoka jua likiwa kali, na siku ya Ijumaa mchana hayupo. Anakusoma kama anavyomsoma tumbili mwenzake. Kwa hiyo anayeamia kwa saa zilezile kila siku anamfundisha tumbili ratiba yake, na sanamu ya kutishia isiyohamishwa huzoeleka upesi kama kisiki. Badilisha saa, badilisha njia ya kuingilia shambani, na sanamu ihamishwe kila mara. Hapo utaitumia akili yake dhidi yake mwenyewe.

Tumbili hufundishana hata chakula. Mwaka 2013 mtafiti Erica van de Waal na wenzake walitoa taarifa ya jaribio walilolifanya kwa tumbili wa porini huko Afrika Kusini. Waliwawekea mahindi yaliyotiwa rangi, masanduku mawili, moja la rangi ya waridi na jingine la buluu, na katika kila kundi rangi moja ilitiwa uchungu mpaka tumbili wakaikataa. Miezi ilipita, uchungu ukaondolewa, na watoto waliozaliwa baadaye wakaletewa rangi zote mbili zikiwa tamu sawasawa. Karibu wote walikula rangi aliyokula mama na kuiacha nyingine. Hata madume waliohamia kutoka kundi lililopenda waridi kwenda kundi lililopenda buluu waliacha mazoea yao na kufuata ya wenyeji, isipokuwa mmoja wao. Mgeni alikuta wenyeji wanakula hivi, naye akala hivyo.

Nimemsifu tumbili kwa haki, na sasa lazima niseme pale anaposhindwa, kwa maana ndipo akili yake inapoonyesha mipaka. Kule Amboseli watafiti waliweka mzoga wa swala juu ya mti, kama chui anavyofanya akihifadhi windo lake, na tumbili, ambao wanamwogopa chui kuliko jambo lolote, hawakuonyesha wasiwasi. Aidha, walipita juu ya alama safi za chatu mchangani bila kushtuka, hata baada ya kuwahi kuwaona chatu wakiacha alama hizo. Mtoto yeyote wa Newala au Nachingwea mwenye miaka minane angejua kwamba alama ya nyoka ni habari ya nyoka. Tumbili ni bingwa wa kujua mambo ya tumbili, na ujuzi huo haumwagiki kwa urahisi kwenye mambo mengine. Tena sauti yake ni ya kuzaliwa nayo: hujifunza wakati wa kuitoa na maana ya kuisikia, ila hawezi kubuni mlio mpya wala kuiga sauti ya mwingine kama kasuku.

Pomboo anaweza, na hapo ndipo safari za wanyama hawa wawili zinapoachana. Fikiria makazi yake, mzee, maana wewe unayajua kuliko mimi. Maji ya ghuba ya Mnazi wakati wa masika, Ruvuma ikishusha matope, hayaonyeshi hata mkono ulio mbele yako. Jicho halitoshi, na pua haifai kitu, kwa kuwa pomboo amepoteza kabisa uwezo wa kunusa. Lakini sauti ndani ya maji husafiri kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na pomboo amejengwa kuitumia. Hutoa midundo mifupi na mikali kupitia njia zake za pua, huikusanya na kuielekeza mbele kwa lile fundo la mafuta lililo kwenye paji lake, kisha hupokea mwangwi kupitia taya la chini, ambalo lina mafuta maalumu yanayopeleka sauti kwenye sikio. Sehemu kubwa ya midundo hiyo ni ya juu mno kwa sikio la binadamu. Kwa mwangwi huo hujua samaki yuko wapi, ni mkubwa kiasi gani, na mara nyingine hata kama amejifukia mchangani. Ubongo wake mkubwa, kwa sehemu fulani, ni kiwanda cha kuchambua mwangwi.

Mbali na midundo hiyo, pomboo hupiga miluzi. Mwaka 1965 Melba na David Caldwell walieleza kwamba kila pomboo ana mluzi wake mwenyewe usiofanana na wa mwenzake. Mtoto hujitengenezea mluzi huo katika mwaka wake wa kwanza kwa kusikiliza sauti zinazomzunguka, na huwa nao kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Stephanie King na Vincent Janik, waliochunguza pomboo wa bahari ya Scotland, walionyesha kwamba ukimpigia pomboo nakala ya mluzi wake hujibu, na ukimpigia wa mwingine kwa kawaida hajibu. Tofauti na milio ya tumbili, ambayo kila tumbili huzaliwa nayo, mluzi huu ni jina alilojifunza mwenyewe, ambalo wenzake wanaweza kuliiga ili kumwita. Simjui mnyama mwingine wa pwani yetu, ukimwondoa binadamu, anayefanya jambo hilo.

Kwa nini pomboo ahitaji jina na tumbili asihitaji? Nadhani jibu limo katika namna wanavyoishi. Tumbili huamka na nyuso zilezile kila siku na hulala mti mmoja na wenzake, kwa hiyo hahitaji kujitambulisha. Pomboo huishi kama wavuvi wa diko moja: asubuhi watatu wanatoka pamoja, mchana wanaungana na wengine watano, jioni kundi limegawanyika tena, na aliyeachana na ndugu yake leo huenda asimwone kwa siku kadhaa. Katika maji ambamo huoni mbali, unapokutana na wenzako lazima useme wewe ni nani. Huko Shark Bay, magharibi mwa Australia, ambako pomboo wa aina hii hii ya kwetu wamechunguzwa tangu miaka ya 1980, Richard Connor na wenzake wameonyesha kwamba madume huungana wawili au watatu, na vikundi hivyo huungana na vikundi vingine kusaidiana dhidi ya mahasimu. Ni lazima kila mmoja akumbuke nani alimsaidia na nani alimwacha. Hapo pomboo na tumbili wanakutana: wote wawili akili yao imekuzwa na mzigo wa kuishi na wenzao, mmoja juu ya mti na mwingine ndani ya maji.

Hukohuko Shark Bay baadhi ya pomboo, wengi wao majike, hung’oa sifongo chini ya bahari na kuivaa mdomoni, ili mdomo usichubuke wanapochokora mchanga na mawe kutafuta samaki waliojificha. Binti hujifunza kwa mama. Tafakari jambo hilo: tumbili ana mikono mizuri yenye vidole vinavyoshika, lakini porini ni nadra kumwona akitumia chombo, asiye na mikono ndiye aliyepata chombo. Louis Herman, huko Hawaii, aliwafundisha pomboo wa ile aina kubwa kufuata maagizo ya ishara za mikono, na mwaka 1984 alionyesha kwamba walielewa hata mpangilio wa ishara, kiasi cha kutofautisha “peleka hiki kwa kile” na “peleka kile kwa hiki”. Na mwaka 2001 Diana Reiss na Lori Marino walitoa taarifa kwamba pomboo wawili wa New York waliowekewa alama mwilini walikwenda kwenye kioo kujitazama mahali penye alama, ilhali jamaa wa tumbili waliowahi kuwekewa kioo kwa kawaida huiona sura yao kama ya mgeni.

Kwa hiyo nikilazimika kuamua kati yenu, namwamulia mjukuu. Katika kuiga, katika kujifunza sauti, katika kuelewa jambo jipya ambalo mababu zake hawakuwahi kukutana nalo, pomboo amemzidi tumbili kwa wazi. Ila maneno “kuliko wote baada ya mtu” siyakubali, kwa kuwa sokwe, tembo na kunguru wana hoja zao. Nawe hukukosea ulichokiona shambani; tumbili hukusoma wewe binafsi kwa ustadi ambao pomboo hajawahi kuuhitaji.

Sasa jarife. Umeuliza kwa uchungu, nami nitajibu kwa uwazi. Pomboo hanaswi kwa ujinga. Uzi wa nailoni ni mwembamba na hurudisha mwangwi hafifu sana, na wavu wenyewe kwa sehemu kubwa ni maji matupu. Pomboo huweza kuugundua, lakini mara nyingi akiwa karibu mno. Tena hapigi midundo wakati wote. Akipumzika hunyamaza, na pomboo hulala nusu ya ubongo kwa zamu, nusu nyingine ikibaki macho ili apande juu kuvuta hewa, kwa kuwa kupumua kwake hakujiendeshi wenyewe kama kwetu. Akifukuza samaki, midundo yake yote huelekezwa kwa samaki huyo, kama mtu mwenye tochi anayemulika nyayo zake na asione tawi lililo usoni. Samaki walionaswa kwenye wavu nao ni chambo kinachomwita. Uzi ukishamzunguka mkiani au pezini, hafi kwa jeraha. Hufa kwa kukosa hewa, kwa kuwa pumzi yake ni ya dakika chache tu na wavu umemshikilia chini. Akili yote niliyoieleza imetengenezwa katika bahari ambayo kwa mamilioni ya miaka haikuwa na uzi wa nailoni.

Baruti ni habari nyingine mbaya, na pwani ya Mtwara na Lindi inaifahamu. Imepigwa marufuku kisheria, na wengi wanakumbuka zaidi matumbawe yaliyovunjika na samaki wachanga wanaokufa. Kwa mnyama anayeishi kwa masikio, mlipuko ule unamgusa palepale anapoonea.

Na hapa kuna tofauti moja kati ya tumbili na pomboo ambayo naiona ni muhimu kuliko zote nilizotaja. Tumbili jike hubeba mimba kwa miezi mitano na nusu hivi na huweza kuzaa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, akianza akiwa na umri wa miaka minne au mitano. Mkiwaua wachache shambani, kundi hurudi baada ya misimu michache. Pomboo jike hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha miaka miwili, mitatu au hata zaidi, na kwa kawaida hazai tena mpaka ipite miaka mitatu hadi sita. Huko Shark Bay wengi huzaa kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka kumi na zaidi. Tena pomboo wa karibu na pwani si wengi kama wanavyoonekana. Huko kusini mwa Unguja, ambako waliwahi kuwindwa kwa ajili ya chambo cha papa hadi katikati ya miaka ya 1990 kabla utalii wa Kizimkazi haujashika, walipohesabiwa mmoja mmoja kwa alama za mapezi ilikadiriwa kwamba hawakufika 200, na watafiti wa Zanzibar walionyesha kwamba majarife yalikuwa yakiwapunguza kwa kasi ambayo uzazi wao hauwezi kuifidia. Jike mmoja akifa wavuni, amekufa pamoja na mtoto anayemnyonyesha, na pamoja na yote ambayo angemfundisha.

Sisemi haya kukulaumu, mzee wangu. Jarife lilikuwa riziki ya nyumba yako na hukulitega kwa ajili ya pomboo. Ila vijana wanaokuja diko la Mikindani na Msangamkuu watakusikiliza wewe kabla ya kunisikiliza mimi, kwa hiyo waambie haya. Wakiona pomboo wanawinda mahali, wasitege hapo mpaka wapite. Wasiuache wavu majini usiku kucha bila mtu wa kuukagua. Wakimkuta pomboo amenaswa na bado yu hai, wasianze kwa kumburuta mkia kuelekea chomboni: kwanza wamwinue ili lile tundu lililo juu ya kichwa litoke nje ya maji na avute hewa, wamshikilie hivyo mmoja au wawili, na mwingine ndipo aukate wavu taratibu kuanzia penye pezi, akiangalia kisu kisiguse ngozi. Tundu lile lisifunikwe kwa kitambaa wala kumwagiwa maji. Akiwa na mtoto, mtoto atakuwa anazunguka karibu akipiga miluzi, na ni vizuri mashua nyingine zizime injini mpaka mama atakapoachiwa na waondoke pamoja.